Kioo kipya cha gari kisikabidhiwe kabla ya kamera kupimwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo baadhi ya mafundi wa vioo hulipita kimya. Magari mengi ya sasa yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na ndiyo inayosoma mistari ya barabara na kusaidia breki ya dharura kuamua. Kioo kikibadilishwa, kamera hiyo huweza kukaa upande kidogo tu, lakini kosa la digrii 1 huwa takriban sentimita 175 katika umbali wa mita 100, kiasi cha kulidhania gari la njia ya pili kuwa liko mbele yako. Kibaya zaidi, taa ya onyo kwenye dashibodi huenda isiwake kabisa.

Upimaji hufanywa kwa bango maalumu lililosimamishwa mbele ya gari kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo unaotakiwa, au kwa kuliendesha gari penye mistari inayoonekana vizuri. Mengine huhitaji yote mawili. Mteja aulize kabla ya kulipa, na adai karatasi ya matokeo. Fundi anayejibu kwamba kamera "itajirekebisha yenyewe" aoneshe hayo katika maelekezo ya mtengenezaji wa gari hilo.

Msomaji wako.