Barua kwa Neema: dripu ya shangazi na ile chupa

Area C, Dodoma

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Mimi sijambo, hofu ni kwenu huko Kondoa, hasa kwa shangazi. Swali la ile chupa ya dawa ya miti shamba iliyonunuliwa sokoni, kama shangazi aendelee kuinywa huku akiwekewa dripu za saratani, umeliweka mwisho kabisa wa barua, kama vile unaona haya. Nitalifikia.

Kwanza dripu. Umesema anawekewa paklitakseli, dawa ya kuua seli za saratani. Seli inapotaka kugawanyika hutandaza nyuzi nyembamba ndani yake, na nyuzi hizo huzivuta kromosomu, yaani vibeba urithi vya seli, nusu huku na nusu kule, kama watoto wanaovutana kamba. Kazi hiyo haiwezekani nyuzi zisipokuwa zinajengwa na kubomoka muda wote. Paklitakseli inazigandisha. Seli inakwama katikati, na nyingi hufa hapo hapo. Kuna dawa nyingine, vinkristini, inayofanya kinyume: inazuia nyuzi zisijengeke. Matokeo ni yale yale. Hiyo inatoka kwenye ule mmea wa Madagaska wenye maua ya pinki ya petali tano, ambao watu huku wanaupanda uani kwa sababu haujali kiangazi. Tafadhali usimchumie shangazi! Una sumu, na vinblastini, ndugu wa vinkristini, huhitaji takriban nusu tani ya majani makavu ili ipatikane gramu moja.

Nywele zimetoka kwa sababu dawa haichagui. Inakamata seli yoyote inayogawanyika haraka: za mizizi ya nywele, za utumbo, za uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana anapewa wiki tatu kati ya dripu na dripu, uboho upate kujijenga upya. Msidhani wanamchelewesha. Na akipata homa katika siku hizo, mpelekeni hospitali usiku huo huo, msingoje kupambazuke, maana chembe nyeupe za kumlinda zinakuwa zimepungua sana.

Sasa chupa. Muuzaji anasema dawa yake imejaribiwa maabara ikaua seli za saratani ya binadamu. Huenda hata hadanganyi. Seli hizo hukuzwa kwenye vyombo vya plastiki, kwa nyuzijoto 37, na wanaojaribu kemikali huzimwagia wakaona zinapungua kasi kiasi gani. Maarufu zaidi ni HeLa, zilizotolewa kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951, na mpaka leo zinagawanyika. Lakini humo hata siki ukimwaga, zinakufa. Spiriti ndiyo usiseme. Kuua seli kwenye chombo ni rahisi mno. Kazi ni kupata kipimo kinachoufikia uvimbe kupitia damu na bado kimwache mtu na ini lake na figo zake.

Mimi sidharau miti shamba, paklitakseli yenyewe imetoka kwenye magome ya mti. Magome hayo yalikusanywa Marekani mwaka 1962. Mtafiti Susan Horwitz na wenzake walionyesha mwaka 1979 namna inavyozigandisha zile nyuzi, na dawa ikaruhusiwa huko mwaka 1992. Miaka 30, Neema. Huyo bwana wa sokoni miaka yake 30 iko wapi?

Tena ini ndilo linaloivunja paklitakseli. Kitu kingine kikiliingilia ini, dripu inaweza kukaa mwilini kupita kiasi, au kuondoka kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo asimamishe kunywa kwanza, na safari ijayo ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar es Salaam, mwende na chupa yenyewe, mumwambie daktari alianza lini na anakunywa vijiko vingapi. Shangazi atasema msimtie aibu. Mwache aseme.

Nauli ikipungua niambie mapema, si usiku wa kuamkia safari kama kawaida yako. Zabibu zikishuka bei nitawapakilia boksi kwenye basi la Kondoa. Mwambie shangazi namsalimu, na kofia ile ya kufuma naimalizia.

Wako,
Rehema