Gololi inaonyesha lita, haionyeshi oksijeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kazi yangu ni mashine za kupumulia, mitungi, mabomba ya gesi ya ukutani na konsentreta, yaani zile mashine zinazovuta hewa ya chumbani na kuichuja hadi itoke oksijeni. Nimeifanya kazi hii miaka 19. Ombi langu ni moja: kila wodi inayompa mgonjwa oksijeni iwe na kifaa cha kupima hiyo oksijeni yenyewe, na kifaa hicho kitumike.

Nikisema hivi, watu hunijibu kwamba kipo, na hunionyesha kile kibanio cha kidoleni. Hicho ni oksimita. Inasoma damu ya mgonjwa, na ni kifaa cha maana sana. Siwezi kukisemea vibaya. Ninachokililia mimi ni kipima oksijeni, kinachosoma gesi inapotoka kwenye mashine kabla haijafika puani kwa mtu. Oksimita inakwambia mgonjwa amepata kiasi gani. Kipima oksijeni kinakwambia umempa nini. Mgonjwa akishuka ukiwa na cha kwanza tu, utaulaumu ugonjwa.

Usiku mmoja sista wa zamu alinipigia simu. Alikuwa na mzee mwenye mapafu yaliyochakaa, aliyekuwa kwenye konsentreta tangu mchana. Aliniambia, "Fundi, mashine haina shida, inaunguruma vizuri tu. Ila mzee hapandi. Nimemtoa lita 3 nikampeleka lita 5, bado oksimita inasoma 84." Nilipofika nilikuta kila kitu ambacho jicho linaweza kukagua kiko sawa. Taa ya kijani inawaka. Gololi ya kwenye kioo, inayoonyesha lita za gesi zinazotoka kwa dakika, imetulia kwenye 5, haitikisiki. Maji kwenye chupa yanatoa mapovu. Daktari alikuwa ameshaandika kwamba hali inazidi kuwa mbaya na mzee aandaliwe rufaa.

Tulimhamishia kwanza kwenye mtungi. Kisha nikachomoa chupa ya maji, nikaunganisha kipima oksijeni moja kwa moja kwenye mdomo wa mashine, kwa sababu mvuke wa maji hupunguza namba. Namba ikaanza kupanda kutoka asilimia 21: ikapita 30, ikapita 40, ikafika 46 na kukwama hapo. Konsentreta nzima hutoa kati ya 90 na 96, na ikishuka chini ya 82 haifai tena kuachiwa mgonjwa. Nikateremsha gololi hadi lita 2, namba ikapanda hadi 61. Nikairudisha 5, ikashuka tena hadi 46. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu na aliona yote hayo. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe nilivyokuwa namwongezea ndivyo nilivyokuwa nampunguzia."

Si kosa lake, na nilimwambia hivyo pale pale. Ndani ya konsentreta mna mitungi miwili midogo iliyojaa punje za madini yanayoitwa zeolaiti. Kompresa inasukuma hewa humo, punje zinaikamata naitrojeni, oksijeni inapita. Mtungi mmoja ukijaa naitrojeni, kazi inahamia kwa mwenzake huku wa kwanza ukijisafisha. Zile pumzi mnazosikia mashine ikizitoa kila baada ya sekunde chache ni huko kupokezana. Punje zikichoka, zinamudu hewa kidogo tu kwa wakati mmoja. Ukiongeza lita, hewa inapita kabla haijachujwa, naitrojeni yake ikiwa nayo. Gololi haiwezi kulijua hilo. Gololi inainuliwa na mkondo wa gesi, iwe oksijeni au hewa tupu ya chumbani.

Msomaji anaweza kudhani 46 ni nusu ya kazi, kwamba mzee alikuwa anapata angalau nusu ya alichoandikiwa. Hesabu haiendi hivyo. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 tayari, kwa hiyo faida ya mashine ni kile kinachozidi 21. Mtungi wenye oksijeni safi unakuongezea 79 juu ya hiyo 21. Mashine ile ilikuwa inaongeza 25. Hiyo haifiki hata theluthi. Lita 5 alizokuwa anavuta mzee zilikuwa zinafanya kazi ya lita moja na nusu hivi za mtungi. Kwenye mtungi, kidole chake kilipanda hadi 91 kabla sijamaliza kufungua skrubu za mashine, na kwa mtu mwenye mapafu kama yake hiyo ndiyo namba tunayoitaka. Haitakiwi kwenda mbali zaidi.

Ndani nilikuta filta ya hewa imegeuka kama kipande cha blanketi. Zaidi ya hapo, mashine ile ilikuwa imekaa stoo yenye unyevu miezi mingi bila kuwashwa, na zeolaiti ikinywa unyevu huwa imekwisha. Haikuwa na sensa ya ndani ya kupima usafi wa oksijeni. Mashine nyingi za zamani na za bei ya chini hazina. Kengele yake ilijua kulia umeme ukikatika au presha ikishuka, basi. Kwa hiyo ilikuwa inaunguruma kwa uaminifu na kumpa mzee hewa.

Upande wa pili wa jambo hili ni watoto njiti, na hapo hofu yangu ni kinyume. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali za nchi tajiri zilikuwa zinajaza oksijeni kwenye vyumba vya joto vya njiti zikiamini kwamba nyingi zaidi ni nzuri zaidi. Maelfu ya watoto wale walipofuka. Mishipa ya damu ya jicho la njiti bado inakua, na oksijeni ya kupita kiasi inaiharibu. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati wake, ni mmoja wa waliopoteza macho namna hiyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 akiwa kwenye oksijeni, namba yake ya oksimita iwekwe kati ya 88 na 95, isipite hapo. Muuguzi wa njiti anapoweka kichanganyio cha oksijeni na hewa kwenye asilimia 30, ana haki ya kujua kwamba kinachotoka ni 30 kweli. Nimewahi kukipima kimoja kilichoandikwa 30 kikatoa 52. Kitasa chake kilikuwa kimelegea kwenye mhimili, kinazunguka peke yake. Kwa macho hakikuwa na kasoro yoyote.

Na mabomba ya ukutani nayo yasiaminiwe kwa rangi. Mwaka 2016 hospitali moja ya Sydney, Australia, iligundua kwamba tundu la ukutani lililoandikwa oksijeni lilikuwa linatoa gesi ya usingizi, kwa sababu mabomba yalikuwa yameunganishwa kimakosa wakati wa kuyafunga. Mtoto mchanga mmoja alifariki na mwingine akaumia ubongo. Kipima oksijeni kingewekwa kwenye tundu lile siku ya kulipokea jengo, namba isingepanda, na hapo kazi ingesimama. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu nilisome, sipokei bomba lolote bila kulipima tundu kwa tundu, hata kama mkandarasi ananisubiri na karatasi za kusaini mkononi.

Sasa niseme kuhusu kifaa chenyewe, maana kukinunua tu hakutoshi. Aina tunayoikuta zaidi ina sensa ya kikemikali. Ndani yake mna risasi, ile metali, ndani ya maji ya alkali. Oksijeni ikiingia inaila ile risasi taratibu na kutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Maana yake sensa inaliwa kila siku, hata ikiwa kabatini, kwa sababu hewa ya kabatini nayo ina oksijeni. Baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi kidogo, imekwisha. Nimeona vipima vizuri vikitupwa droo ya chini kwa sababu aliyevinunua hakuweka fungu la sensa. Ukiomba kifaa hiki, omba na sensa zake za miaka ijayo katika karatasi ile ile.

Tena sensa inayokufa ina tabia ya kudanganya. Kwenye hewa ya chumbani inaonyesha 20.9 bila wasiwasi, ukadhani ni nzima. Ukiiweka kwenye oksijeni safi ya mtungi inafika 80 na kitu, inashindwa kuendelea. Kwa hiyo ipimwe pande zote mbili: kwanza hewa, isome 20.9, kisha mtungi, isome 100 au karibu kabisa na hapo. Anayeipima kwenye hewa tu atakuja kuihukumu konsentreta iliyo nzima kuwa mbovu. Na irekebishwe pale pale inapotumika. Sensa hii kwa kweli inahisi msukumo wa oksijeni, haihesabu asilimia. Ukiirekebisha pwani ukaipandisha hospitali iliyo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa ya kawaida itakuonyesha karibu 16.

Ipo aina nyingine inayotumia mawimbi ya sauti. Haina sensa ya kuliwa, inadumu, na mimi huipenda kwa kazi ya konsentreta. Lakini imeundwa kwa mchanganyiko wa oksijeni na naitrojeni. Ukiiweka kwenye bomba lenye gesi nyingine inaweza kukupa namba ya uongo, kwa hiyo kwa mabomba ya ukutani shika ile ya sensa.

Wakubwa wengine wameniambia hiki ni kifaa cha karakana, kikae kwa fundi. Sikubali. Fundi huitwa mashine ikizima, na mashine ninayoiogopa ni ile isiyozima. Kifaa kining'inie wodini kando ya oksimita, na daftari lake. Kupima konsentreta moja, ukishaiacha dakika chache ipate joto, hakuchukui dakika mbili. Sista yule wa zamu nilimfundisha alfajiri ile ile, na wiki iliyofuata aliwafundisha wenzake bila mimi.

Mwaka 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuwataka wanachama wake wahakikishe oksijeni tiba inawafikia wagonjwa. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi sana. Tangu hapo nimeona konsentreta nyingi zikikabidhiwa zikiwa bado na nailoni zake, na picha zikipigwa. Kwa wanaotoa msaada huo nina ombi: katika kila shehena ya mashine tieni vipima oksijeni na sensa za akiba. Na ndugu wa mgonjwa, mna haki ya kuuliza kwa upole, "Mashine hii imepimwa lini?" Mtu akiniuliza hivyo mimi simwoni msumbufu.

Mzee yule hakupelekwa rufaa. Alikaa kwenye mtungi siku mbili, kisha kwenye konsentreta nyingine niliyoipima mbele yake, akaomba mwenyewe aisome namba. Leo asubuhi nimepita wodini kama kawaida ya kila Jumatatu. Mashine ya kwanza imesoma 94 kwa lita 5. Ya pili 93. Ya tatu imesoma 80. Nimeitoa, iko mezani kwangu ninapoandika barua hii, na nikishaifunga bahasha naanza na filta.

Wako,
Fundi wa vifaa tiba
(Jina limehifadhiwa)