Barua kwa mdogo wangu aliyeshika simu

Mdogo wangu mpenzi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu maneno yako ya msibani uliyasema mbele za watu. Sijakutoa moyoni. Wewe ndiye niliyekubeba mgongoni wakati wa masika ili usichafue viatu vya kanisani, na hata leo nikisikia mtu anacheka kwa sauti kama yako hugeuka.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Nilikuwa nampepea mama kwa kipepeo cha ukili, nawe umesimama kando ya kitanda na simu, sauti ya nabii wako wa Dar es Salaam ikijaza chumba. Alipofika kwenye amina umeme ukarudi, ukapiga kigelegele ukisema Mungu amejibu, mama hafi. Mama hakuitazama hata hiyo taa. Alinyoosha mkono akitaka umshike, ukampa vidole tu, kisha ukavitoa upesi ili uongeze sauti ya simu. Hilo ndilo linalonishinda kusamehe, kuliko hata swali uliloliuliza alipofariki, kwamba ni dhambi ya nani humu nyumbani iliyoibatilisha ishara.

Najua utanitajia Gideoni na ngozi ya kondoo aliyoitandaza kumwomba Mungu ishara. Isome tena sura ya 6 ya Waamuzi: Mungu alikwisha kusema naye na kumtuma kabla ngozi haijatandazwa uwanjani, na alipoomba mara ya pili aliomba kwa hofu, akimsihi Mungu asimkasirikie. Ule ulikuwa udhaifu uliovumiliwa, nanyi mmeufanya kanuni ya imani. Na wale waliovuka bahari kumfuata Yesu Kapernaumu, aliwaambia wazi kwamba walimtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Mkate ulikuwa wa kweli, muujiza ulikuwa wa kweli, na bado hawakuwa wakimtafuta yeye. Sikatai kwamba Mungu hutenda maajabu, mdogo wangu. Nasema mtu anaweza kuyakodolea macho maajabu na Mwenyewe asimtake.

Kumbuka tulikolelewa. Kanisa la Mkunazini, hapa mjini Zanzibar, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na tangu utotoni tumeonyeshwa lile duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu mbele ya madhabahu, tukaelezwa kwamba hapo ndipo watu walipochapwa viboko. Kama mahali pa Mungu pangechaguliwa kwa dalili njema, nani angeweka madhabahu pale? Mama alipiga magoti hapo maisha yake yote, na sikumsikia hata mara moja akimdai Mungu alama. Alikuwa akiomba asimwache, basi.

Ulisema kumwita padri ilikuwa kumkatia mama tamaa. Sikumkatia tamaa. Yakobo ameandika kwamba mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na mama mwenyewe ndiye aliyeomba, wewe ukiwa nje unazungumza na nabii. Alipopakwa mafuta kwenye paji la uso aliitikia zaburi ya Bwana ndiye mchungaji wangu mpaka pumzi ikamkata, akaanza tena. Mimi nilikuwepo, nikamfuta jasho, nikamshika mkono ule ule. Asiniambie mtu kwamba nilipungukiwa na imani, kwa maana nilichokiona chumbani mle ni mtu aliyempata Mungu akiwa bado mgonjwa.

Ibada ya kumkumbuka mama itafanyika Mkunazini, na kiti chako kitakuwa karibu na changu. Majirani wa mtaani, Waislamu waliotupikia siku zote za matanga, wanakuulizia kila wanaponiona, nami nawajibu kwamba uko safarini. Njoo. Lakini lile swali la dhambi ya nani usiliulize tena, hasa mbele ya watoto, kwa sababu mdogo wao bado ananiuliza kama ni yeye aliyemuua bibi.

Dada yako