Anayempigia dereva naye ameshika usukani

Ndugu Mhariri,

Ajali ikishasemwa kuwa ni ya simu, lawama zote humwangukia dereva. Alikuwa anaongea, alikuwa anachati, basi, mjadala umekwisha. Haulizwi aliyekuwa upande wa pili wa ile simu, wala alitaka nini ambacho kisingeweza kusubiri gari lifike. Sisi tunaofundisha udereva hapa Dar es Salaam tunaomba nafasi kidogo katika ukurasa wako tuseme hivi: simu nyingi zinazopokelewa kwenye usukani hupigwa na watu wanaojua kabisa kwamba wanayempigia yuko barabarani. Ni tajiri wa daladala anayeulizia hesabu ya siku. Ni ofisi inayotaka kujua lori limefika wapi. Ni abiria anayesubiri gari aliloliita, ni mke au mume anayeuliza mboga gani inunuliwe. Ukimbana dereva peke yake, nusu ya kosa imebaki bila mwenyewe.

Tuanze na macho. Spidi 50, ambayo ndiyo kikomo katika maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Kusoma meseji fupi na kuanza kuijibu huchukua kama sekunde tano, sawa na mita 70 hivi. Panga mabasi manne marefu ya mwendokasi, yale ya mita 18 yenye kiungo katikati, moja nyuma ya jingine. Umbali wa karibu mabasi yote manne, dereva ameupita huku akiangalia mapaja yake. Na gari halibaki palepale lilipoachwa. Barabara za lami hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririkie pembeni. Usukani ukishikwa na mkono mmoja ulioregea, gari hufuata mteremko huo taratibu kwenda kushoto. Kushoto ndiko wanakotembea wanafunzi, ndiko wanakokaa mama lishe na wauza matunda, ndiko boda wanakosubiri abiria. Ukiona gari linajivuta pembeni kidogokidogo, kisha linarudishwa leni yake kwa kushtukia, dereva wake ndiyo kwanza amenyanyua kichwa.

Wengi hudhani ukivaa visikizio au ukiunganisha simu na spika za gari kwa blututhi, hatari imekwisha kwa sababu mikono iko huru. Mikono iko huru kweli, akili haiko huru. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto nchini Kanada walilinganisha rekodi za simu za madereva waliopata ajali na saa za ajali zenyewe, wakakuta hatari inapanda karibu mara nne dereva anapokuwa kwenye simu, na hawakuona kwamba simu isiyoshikwa mkononi ilikuwa salama zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo hutaja makadirio hayohayo ya mara nne. Dereva aliyezama kwenye mazungumzo anaweza kumtazama mtu anayevuka zebra na bado asimwone, kwa sababu jicho limefika ila akili iko kwenye bei ya mabati.

Hapa ndipo tofauti ya abiria na mpiga simu inapoonekana. Abiria wa kiti cha mbele anaona lori likikata mbele yenu, ananyamaza, pengine anapiga na kelele ya kumtahadharisha dereva. Mpiga simu haoni kitu. Yeye anaendelea kuuliza, na akijibiwa kimya anapandisha sauti: "Haloo? Unanisikia?" Dereva analazimika kumjibu yeye kwanza, barabara baadaye.

Tunaambiwa pia kwamba foleni ikisimama hakuna ubaya. Upo. Magari mengi tunayoendesha mjini hapa ni ya gia otomatiki. Ukiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, na mguu ukaregea kidogo kwenye breki, gari linatambaa lenyewe, na katika foleni ya Dar nafasi iliyo mbele ya bampa ni njia ya watu: wauza maji, abiria wanaokimbilia daladala, pikipiki zinazopenya kati ya leni. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya kuiamuru simu au mfumo wa gari kwa sauti, akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi kikamilifu barabarani. Taa zikiruhusu pale Magomeni, wewe uliyeweka simu chini sekunde hiyohiyo unaingia kwenye makutano ukiwa bado hujarudi. Anayekata kulia kuvuka njia ya mwendokasi iliyo katikati ya barabara ndiye tunayemhofia kuliko wote, maana basi lile haliji kutoka kwenye leni aliyoizoea kuitazama.

Sasa nini kifanyike? Kwa daladala, jibu limesimama mlangoni: ni konda. Tajiri awe na namba ya konda, na kwa muda wote wa kazi ampigie konda. Simu ya dereva izimwe sauti, iwekwe kwenye kisanduku cha dashibodi au akabidhiwe konda, na irudi mikononi mwake gari likiwa limesimama kituo cha mwisho, wakati wa kupakia. Makubaliano haya yaandikwe pamoja na yale ya hesabu, na deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa siku, aambiwe kabla hajakabidhiwa ufunguo, kwani makubaliano ya mdomo na dereva wa kudumu huvunjika siku anapopumzika. Kosa moja linajirudia: tajiri anakubali jambo hili asubuhi, saa kumi jioni anampigia dereva mwenyewe kwa sababu konda hakupokea. Konda asipopokea, subiri. Yuko mlangoni na noti mkononi.

Kwa kampuni za malori na mabasi ya mikoani, vifaa vya kufuatilia gari vimeshafungwa kwenye magari mengi. Mtu wa ofisini kabla hajapiga aangalie ramani kwanza. Kama nukta inatembea, jibu la swali la "uko wapi" liko mbele ya macho yake. Kama imesimama, apige. Tungependa ofisi hizi zihesabu simu zote zilizopigwa kwa dereva huku gari likiwa kwenye mwendo, na aliyepiga ndiye aandikiwe barua ya onyo.

Abiria wanaoita magari kwa programu za simu nao wana sehemu yao. Simu ya "uko wapi wewe?" hutokana na alama iliyowekwa vibaya kwenye ramani. Isogeze alama mpaka mahali gari linapoweza kusimama, kisha andika meseji moja kamili mapema: "Nipo mbele ya duka la dawa, geti jeusi, upande wa kushoto ukitokea Mwenge." Dereva aisome yote akiwa amesimama, ndipo aingize gia. Ukiona gari linakaribia kwenye ramani, usipige. Toka nje ukae panapoonekana. Na kwa kuwa oda mpya hulia hata katikati ya safari, nayo hudumu sekunde chache tu, dereva anayebeba mtu ajitoe hewani kwenye programu mpaka amshushe.

Bodaboda wanahitaji maneno zaidi. Kwenye pikipiki, mkono wa kushoto ndio wa klachi, na mkono wa kulia una kazi mbili kwa pamoja: mafuta na breki ya mbele. Anayeshika simu kwa kushoto hawezi kubonyeza klachi, na pikipiki nzima inabaki kuning'inia kwenye mkono wa kulia. Ikikanyaga shimo au tuta, uzito wa mwili unavuta kifundo cha mkono, mafuta yanafunguka yenyewe, na pikipiki inaruka mbele wakati ambapo ilitakiwa kupungua. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, lakini vidole vilivyong'ang'ania usukani haviifikii kwa wakati. Wengine huichomeka simu ndani ya helmeti ili mikono ibaki huru. Hapo sikio limezibwa, honi ya nyuma haisikiki, na helmeti haikai sawasawa kichwani kwa sababu kuna kitu kigumu katikati. Mkanda wa kidevu hulegezwa ili simu ipite, na helmeti iliyolegea huchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Abiria, mguse bega umwambie: "Kaka, simama kwanza uongee." Dakika mbili ulizopoteza hazitakuumiza.

Kwa wenye magari yao, kazi yote ifanyike kabla ya kuwasha injini, kama mkanda. Weka ramani, chagua muziki, kisha vuta pazia la juu la simu na ubonyeze Usinisumbue. Katika simu nyingi za Android unaweza kuruhusu anayepiga mara mbili ndani ya dakika 15 apite, kwa hiyo hoja ya "je, kukiwa na msiba" imeshapatiwa dawa. Kwenye iPhone kuna hali maalumu ya kuendesha ambayo hujiwasha simu inapoungana na blututhi ya gari, na inaweza kumjibu mwenye kutuma meseji kwamba upo kwenye usukani.

Kishikio cha simu kikae chini kwenye dashibodi, kisiwekwe katika sehemu ya kioo inayofutwa na waipa. Na kisiwe kile cha kunyonya kioo kilichozeeka. Gari likiegeshwa juani Kariakoo saa tatu nzima, raba hulainika, nawe ukishaondoka simu inadondoka chini. Jambo la kwanza mtu analolifanya ni kuinama kuiokota, na hapo macho hayaoni barabara kabisa. Simu nyembamba huteleza pia hadi chini ya pedali ya breki. Ikianguka iache, tafuta pa kusimama kwanza. Pa kusimama si kituo cha daladala wala si kwenye kona. Ingia mtaa wa pembeni au sheli, ukae mbali na pampu.

Kuhusu adhabu, hatuamini kwamba kuongeza faini peke yake kutasaidia. Notisi ya Sh30,000 inauma, lakini dereva hupiga hesabu ya uwezekano wa kukamatwa, na hesabu hiyo iko upande wake. Trafiki wanasimama sehemu zinazojulikana. Madereva wanawashiana taa, na simu hushushwa mapajani mita 100 kabla. Ukitaka kuiona simu iliyo mapajani, itazame kutoka juu. Madaraja ya waenda kwa miguu, kama la Manzese, ni mahali pazuri kwa askari mmoja mwenye kamera na redio. Anaandika namba ya gari, leni, saa na mkono ulioshika simu, anapiga picha, na mwenzake aliye mita 200 mbele analisimamisha gari hilo. Picha ni muhimu, kwani bila hiyo dereva atasema alikuwa anajikuna sikio. Kumnyang'anya simu na kukagua nani kampigia si ushahidi, tena ni kuingilia faragha yake. Jimbo la New South Wales, Australia, lilianza mwishoni mwa mwaka 2019 kutumia kamera za juu zinazopiga picha kupitia kioo cha mbele mchana na usiku: kompyuta huchambua, kisha binadamu huhakiki kabla notisi haijatolewa. Sisi tunaweza kuanza na askari, daraja na kamera ya kawaida, mradi iwe siku yoyote, saa yoyote, barabara yoyote, ili asiwepo wa kukisia.

Maneno ya katazo nayo yaangaliwe. Uingereza ililazimika kurekebisha sheria yake Machi 2022, kwa kuwa ile ya zamani ililenga mawasiliano, na aliyekuwa anapiga video au kuchagua wimbo aliweza kuponyoka. Siku hizi kosa ni kuishika na kuitumia kwa namna yoyote, hata ukiwa umesimama kwenye taa. Adhabu yake ya kawaida ni pauni 200 na pointi sita za adhabu kwenye leseni, na dereva ambaye hajamaliza miaka miwili tangu apate leseni huipoteza kwa pointi hizo sita. Katazo la hapa kwetu liseme "kushika", lisiseme "kuongea" tu, na liguse foleni iliyosimama.

Kwa wasomaji wako wote wanaopiga simu, tunaomba swali la kwanza baada ya salamu liwe "Uko barabarani?" Akisema ndiyo, jibu ni maneno mawili, "Utanipigia ukifika", na wewe ndiye ukate simu. Usimngoje yeye akate, maana kukata nako kunahitaji mkono na jicho.

Wakufunzi wa udereva,
Tabata, Dar es Salaam