Paipu ya oili ya tabo haipatikani? Tuletee ile mbovu

Magari ya spoti ya miaka ya 1980 na 1990 yenye tabo, yaani feni inayoendeshwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa, yanazeeka kwa namna inayofanana. Injini bado ina nguvu, bodi bado inavutia, ila vipuri vidogo vimeshaondolewa kwenye katalogi. Mwenye Nissan 300ZX ya tabo mbili, Toyota MR2, Mitsubishi GTO au Porsche 944 Turbo anayajua haya vizuri. Tabo yenyewe ikifa inafufuliwa, maana mafundi wa kuikarabati wapo na vifaa vya ndani vinauzwa. Kinacholaza gari gereji ni paipu mbili: inayopeleka oili kwenye tabo, na inayoirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Kabla ya kutengeneza chochote huwa tunatafuta kwanza namba ya kipuri. Baadhi ya watengenezaji wameanza kurudisha vipuri vya magari yao ya zamani: Nissan ilianza na Skyline GT-R R32 mwaka 2017, na Toyota ikafuata na Supra za A70 na A80 mwaka 2020. Paipu ya kiwandani ikipatikana mpya, tutakushauri uinunue hiyo. Isipopatikana, tunakutengenezea kwa kufuata ile ya zamani, na ndiyo sababu tunawasihi wateja wasiitupe hata kama imekatika vipande viwili.

Wengine hutuuliza kwa nini tusiisafishe tu au kuziba ufa kwa kuchomelea. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye tabo za kawaida za bushi (kola za chuma zinazoizunguka shafti) haibebwi na kitu kingine isipokuwa utando mwembamba wa oili. Oili hiyo hupita kwenye paipu nyembamba iliyo jirani kabisa na ekzosi. Ukizima injini ikiwa bado na moto mkali, oili iliyobaki humo husimama na kuungua. Mwaka baada ya mwaka, mabaki yake hujenga ganda. Tukiikata paipu ya namna hiyo kwa urefu, ndani tunakuta kitu cheusi, kigumu, kinachobanduka vipande vipande ukikichokonoa kwa ncha ya bisibisi. Nje chuma hakina hata alama. Dawa ya kusafishia huondoa sehemu ya ganda hilo na kulegeza iliyobaki, kisha siku gari linapokwenda kasi kipande kinachomoka na kuingia kwenye bushi. Kwa hiyo paipu iliyoganda hatuisafishi. Mwenye Subaru ya tabo naye akague kichujio kidogo cha wavu kinachokaa ndani ya bolti ya paipu ya oili, kwa sababu kikiziba, tabo hukaukiwa hata kama paipu ni mpya.

Paipu ya kurudisha oili ndiyo inayodharauliwa zaidi, na hapo ndipo wateja wengi hupoteza pesa. Oili huingia kwenye tabo kwa presha ya pampu, lakini hutoka bila presha yoyote. Inashuka kwa uzito wake tu, tena ikiwa na mapovu, kwa hiyo inahitaji njia pana na ya mteremko. Paipu ikiwa nyembamba, ikipinda vibaya au ikiingia kwenye sampu chini ya usawa wa oili, oili hurundikana ndani ya tabo. Sili za tabo si za mpira. Ni pete za chuma, na hazikutengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Inapenya upande wa ekzosi na gari linatoa moshi wa bluu, hasa baada ya kukaa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa muda. Mwenye gari anaambiwa tabo imekufa. Ananunua nyingine, inafungwa kwenye paipu ileile, na moshi unarudi. Ukituletea gari linalotoa moshi wa bluu, tutaanza na njia ya kurudi oili na mfumo wa injini kupumua kabla hatujaihukumu tabo.

Kwa paipu hiyo sisi tunapendelea tundu la ndani la takriban milimita 16 au zaidi, lishuke wima kadiri nafasi inavyoruhusu, lisiinamie pembeni zaidi ya nyuzi 35 hivi, na pasiwe na bonde popote ambapo oili inaweza kutuama.

Kwenye vipimo, kinachotusumbua si urefu wa paipu. Ni nyuzi za bolti. Tundu la nusu ya robo inchi, yaani 1/8, kwenye bloku za magari mengi ya Kijapani lina nyuzi 28 kwa inchi, wakati kiunganishi cha Kimarekani cha ukubwa huohuo kina 27. Ukivishika mkononi huoni tofauti. Kile kisicho chake kitaingia mizunguko michache ya kwanza bila shida, halafu kitaanza kuwa kigumu, na fundi mwenye haraka atakaza kwa nguvu akidhani ndivyo kinavyotakiwa kubana. Matokeo yake ni nyuzi zilizoharibika au bloku yenye ufa. Ncha za paipu nazo zina mitego yake: nyingine zimetanuliwa kwa pembe ya nyuzi 37, nyingine 45, na zikichanganywa zinavuja hata ukikaza vipi. Kwa hiyo tunapima kila ncha kwa geji na venia, bila kukisia.

Palipokuwa na chuma karibu na ekzosi tunarudisha chuma kisichoshika kutu, kilichokunjwa kufuata kona za awali. Panapohitaji kunyumbulika tunatumia mpira wenye ngozi ya PTFE (plastiki ya aina ya Teflon) ndani na waya uliosukwa nje, kwa kuwa PTFE huhimili joto la hadi nyuzi 260 za Selsiasi. Mpira wa kawaida wa mafuta hatuufungi hapo kabisa. Shaba pia tunaikataa, japo inakunjika kirahisi: mtikisiko wa injini huifanya iwe ngumu, mwishowe inapasuka, na oili ikimwagikia ekzosi yenye moto gari linaweza kuungua. Waya uliosukwa nao ni kama tupa. Chochote unachokigusa unakila, hivyo tunauvalisha soksi na kuushikilia kwa klipu mahali pale pale zilipokuwa klipu za kiwandani.

Kama tabo yako si ya asili, tuambie mapema. Tabo ya beringi za gololi huhitaji oili kidogo, na mara nyingi tunaweka kizuizi chenye tundu la karibu milimita 1 kwenye mlango wa kuingilia. Ya bushi kwa kawaida haihitaji, na kuiwekea ni kuinyima oili.

Wakati wa kufunga, washa za shaba ziwe mpya pande zote mbili za kiunganishi, na gasketi ya chini ifungwe kavu bila silikoni, kwa sababu ziada inayojikamua ndani hukatika na kwenda kuziba. Oili na filta vibadilishwe siku hiyohiyo. Tunamimina oili kidogo kwenye mlango wa tabo, tunakata moto wa plagi na mafuta, kisha tunapiga stata kwa vipindi vifupi hadi oili ionekane ikitoka upande wa kurudi. Hapo tu ndipo injini inawashwa, na inaachwa sailensa huku tukikagua kila kiungo kwa tochi. Ikishapata moto na kupoa tunakagua tena.

Ukiwa unatutumia paipu badala ya gari, piga picha inavyopita kabla hujaifungua. Tuma na bolti zake, washa na klipu zote, hata zilizovunjika. Usiinyooshe wala kuisafisha. Ziba ncha zake, uandike ipi ilikuwa upande wa tabo, na utaje aina ya injini na tabo iliyofungwa.