Kwa mjusi ndevu, kunona si afya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na watu wachache wa Mtwara na Lindi wanaofuga mjusi ndevu, yule mjusi wa Australia mwenye miiba shavuni, anayevimbisha koo na kuligeuza jeusi akiudhika. Wafugaji wake huku kusini wanahesabika, lakini kosa lao kubwa ni moja: wanampima kwa macho. Akiwa na tumbo pana na mkia mnene wanasema anatunzwa vizuri, kama vile wanamtazama beberu wa Idi. Beberu hunoneshwa achinjwe. Mjusi huyu anatakiwa kuishi miaka kumi au zaidi, na mafuta yakishamjaa hujipanga tumboni na kwenye ini, mahali jicho halifiki.

Kwa hiyo tuanze na mizani. Mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha kabisa kwa mjusi aliyekua. Kwa kitoto kilichototolewa juzi, ambacho uzito wake ni gramu 2 hadi 4, mizani hiyo haioni kitu. Hapo inatakiwa inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kama anayotumia sonara. Weka bakuli la plastiki lenye kina juu ya mizani, tandika kipande cha khanga ndani ili kucha zisiteleze, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Mwingize mjusi, mfunike mgongo kwa kiganja bila kumkandamiza mpaka atulie, toa mkono, soma. Fanya hivyo mara tatu na uchukue namba iliyojirudia. Mpime asubuhi kabla hajala, siku ileile ya wiki, na uandike pembeni kama alikuwa amekunya au la, maana kinyesi kimoja cha mjusi mkubwa hubadilisha namba kwa gramu kadhaa na mtu akaanza kuhangaika bure. Mdogo apimwe kila wiki, mkubwa kila baada ya wiki mbili. Na mizani hiyo isirudi kupimia unga. Sababu nitaieleza mwishoni.

Mjusi ndevu mkubwa, wa mwaka mmoja na nusu kwenda juu, kwa kawaida huwa na gramu 300 hadi 500 na urefu wa sentimita 45 hadi 60 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Lakini namba peke yake haisemi yote. Gramu 450 kwa dume refu ni sawa, kwa jike fupi ni mzigo. Ndiyo maana baada ya kusoma mizani unamsoma na mwili. Juu ya kichwa, nyuma ya macho, kuna vifuko viwili vya mafuta: vikiwa bapa au vimeinuka kidogo tu, ni vizuri, vikibonyea kama vishimo, amekonda au amekaukiwa maji, vikituna kama vinundu, amezidi. Pitisha kidole mwanzoni mwa mkia, pale unapoungana na nyonga. Mifupa ya nyonga isikike chini ya ngozi lakini isichomoze. Tumbo likiburuza chini anapotembea, usikimbilie kusema ni mafuta, kwa sababu mjusi aliyelainika mifupa kwa kukosa kalsiamu naye hushindwa kuinua tumbo. Huyo utamjua kwa vidole vinavyotetemeka, taya linalobonyea kama mpira na miguu iliyopinda. Kumpunguzia chakula mgonjwa wa namna hiyo ukidhani ni kibonge ni kumuua.

Chakula ndipo penye maneno mengi. Mjusi mdogo hujenga mwili, kwa hiyo sehemu kubwa ya mlo wake, kama asilimia 80, ni wadudu, na hulishwa mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kiasi anachomaliza kwa dakika kumi. Akishakua hesabu inageuka: majani kila siku, wadudu mara mbili au tatu tu kwa wiki, watano hadi wanane kwa mlo. Wengi hawageuzi. Mjusi wa miaka mitatu bado anamwagiwa wadudu asubuhi na jioni kwa sababu anawakimbilia kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayomponza. Mdudu asiwe mrefu kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Akizidi hapo anaweza kumziba tumbo.

Nyenje na mende wa kufugwa ndio chakula cha kila mlo. Funza wale wanaofugwa kwa ajili ya kuku, wa inzi mweusi, ni wazuri kwa sababu wana kalsiamu yao wenyewe. Kumbikumbi ni jambo jingine. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba zikinyesha, wanajaa kwenye taa na mtu anaona amepata chakula cha bure. Kumbikumbi ni mafuta matupu yenye mabawa. Wawili watatu kwa siku moja ya msimu si neno, ndoo nzima iliyokaushwa na kuwekwa akiba ndiyo inayomfanya mjusi aongeze gramu 80 kabla ya Februari.

Panzi wa porini nao wana hatari yao huku kwetu. Kuanzia mwezi wa tano au wa sita hadi wa nane hivi mikorosho inapuliziwa salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na dawa za kuua wadudu kwa ajili ya mbu wa mikorosho. Panzi aliyeokotwa chini ya mkorosho msimu huo amebeba dawa mwilini, na mjusi wa gramu 400 hana ini la kumudu dozi iliyokusudiwa shamba. Pengine anayeokota ni mtoto wa jirani ambaye hajui shamba lipi limepuliziwa lini. Afadhali kufuga nyenje wako ndani ya ndoo yenye matundu, trei za mayai na maganda ya karoti. Vimulimuli msiviguse kabisa, wala kimoja. Vipo vyenye sumu inayosimamisha moyo wa mjusi huyu, na kimoja kimeshatosha kuua mkubwa. Kama taa ya kizimba chake iko barazani, kagua kila jioni kisije kikaingia chenyewe.

(Na korosho, jamani, si chakula chake. Mgeni akitaka kumtunza mjusi kwa korosho moja, mpe mgeni aile.)

Upande wa majani tuna utajiri. Majani ya mlonge yana kalsiamu nyingi, majani mabichi ya maboga na ya kunde yanafaa, na maua ya boga huyapenda sana. Yakatwe vipande vidogo kuliko kichwa chake. Mchicha umezoeleka lakini usiwe wa kila siku, kwa sababu una oksaleti inayoishika kalsiamu tumboni isiingie mwilini. Mjusi anayelishwa mchicha mtupu anakula na huku anapungukiwa. Kisamvu kibichi hapana, kina sumu ambayo sisi tunaiondoa kwa kutwanga na kuchemsha, yeye hapikiwi. Parachichi hapana. Papai na embe ni kipande cha ukubwa wa ukucha mara moja kwa wiki, sukari ile humnenepesha na kumharisha.

Kalsiamu yenyewe haipatikani kwa wadudu peke yao, kwani nyenje ana fosforasi mara kadhaa zaidi ya kalsiamu wakati mwili wa mjusi unataka kinyume, kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Poda za dukani hazipatikani kirahisi huku, lakini pwani yetu inatupa dawa hiyo bure: mfupa wa dome, mnyama wa bahari wa jamii ya ngisi, ule mweupe mwepesi unaoelea na kutupwa ufukweni. Uloweke kwenye maji baridi siku mbili, ukibadilisha maji asubuhi na jioni mpaka chumvi iishe. Uanike juani mpaka ukauke kabisa. Kisha ugeuze upande laini na uukwangue kwa kisu butu. Poda inashuka kama unga wa wanga. Gamba gumu la nyuma liache. Chekecha kwa chujio la chai, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Kabla ya kulisha, tia wadudu kwenye kifuko cha plastiki pamoja na poda ya kushika kwa vidole viwili, tikisa mpaka wawe weupe, na wape mjusi papo hapo kabla hawajajisafisha. Kwa mdogo, karibu kila mlo. Kwa mkubwa, kila siku ya wadudu. Vitamini za kopo zisizidi mara moja kwa wiki, vitamini D3 ikizidi nayo ni sumu.

Poda hiyo haitafanya kazi bila jua. Mjusi hutengeneza D3, vitamini inayoingiza kalsiamu mwilini, kwa mionzi ya jua isiyoonekana, ile ya UVB, na kioo huizuia, kwa hiyo kumweka karibu na dirisha lililofungwa ni kumwotesha joto tu. Wenzetu wa Ulaya hununua taa za UVB na kuzibadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado zinawaka, kwa sababu mwanga hubaki na mionzi ikaisha. Sisi tuna jua lenyewe. Kizimba cha wavu, nusu yake kikiwa na kivuli, kitolewe nje saa 2 hadi saa 4 asubuhi, nusu saa mara nne tano kwa wiki, na mtu awe karibu kwa sababu ya kunguru na paka. Kisiwe tangi la kioo hata kidogo. Tangi likiwekwa juani hugeuka tanuri, na dakika chache zinatosha kumuua.

Ndani ya nyumba, mahali pa kuotea joto panatakiwa nyuzi 38 hadi 42, na upande wa pili nyuzi 24 hadi 28 ili achague mwenyewe. Usiku, 18 hadi 24 zinamtosha; hapa kwetu hata Julai hahitaji taa ya usiku. Joto la mchana likipungua chini ya zile nyuzi za mchana, chakula hakisagiki, kinachachia tumboni. Pimeni kwa kipimajoto cha kawaida. Ile bunduki ya kupima paji la uso imerekebishwa kwa ajili ya mwili wa binadamu na itawadanganya.

Kinachotusumbua sisi si baridi, ni unyevu. Yeye ni wa nchi kavu, hewa yenye unyevu wa asilimia 30 hadi 40 ndiyo yake, na hewa ya Mikindani au Kilwa ina karibu mara mbili ya hapo. Akikaa kwenye sanduku lisilopitisha hewa hupata ugonjwa wa mapafu: anatoa povu mdomoni, anapumua kinywa wazi hata akiwa kivulini. Kizimba cha mbao chenye wavu pande mbili ni bora kuliko tangi la kioo hapa pwani. Bakuli la maji litolewe baada ya kunywa, sakafu iwe magazeti, si mchanga wala maranda ya mbao.

Sasa aliyekwisha kunona afanyweje? Asishindishwe njaa. Mjusi mnene akinyimwa chakula ghafla, mafuta hukimbilia kwenye ini lililokwisha kulemewa. Mwenye gramu 560 ashuke gramu 5 hivi kwa wiki, si zaidi, yaani miezi mitatu minne mpaka afike 490. Wadudu wapunguzwe hadi mara mbili kwa wiki, watano watano, wadudu wa mafuta kama kumbikumbi waondolewe kabisa, na majani yawekwe mwisho wa kizimba mbali na taa ili ayafuate. Kizimba chenyewe kisipungue sentimita 120 kwa 60. Kwenye sanduku dogo hata mlo mzuri humnenepesha.

Kupungua bila kukusudiwa ni habari nyingine. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito, mathalani kutoka gramu 420 hadi 378, ni wa kupelekwa kwa daktari hata kama anachangamka. Yapo mawili ya kuzingatia kwanza. Jike hutaga hata bila dume, mayai 15 hadi 30 kwa mkupuo, kwa hiyo hupanda uzito wiki kadhaa kisha hushuka sana kwa siku moja; akianza kuchimbachimba apewe ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 30. Akichimba siku mbili, akaacha, akalegea bila kutaga, mayai yamekwama. La pili ni usingizi wa msimu wa baridi. Maandishi ya Ulaya huutaja Desemba, lakini sisi na Australia tuko upande mmoja wa ikweta, hivyo huku huweza kuja Juni hadi Agosti. Mzima akilala hivyo hapungui sana. Anayelala na huku mizani inashuka kila wiki ni mgonjwa.

Anayekula vizuri na bado anakonda, mara nyingi ana minyoo au vijidudu vya tumboni. Dawa ya minyoo ya mbuzi isikadiriwe kwa macho kwa mnyama wa gramu 300. Chukueni kinyesi kibichi cha siku hiyo, cha ukubwa wa punje ya mahindi, kiwekwe kwenye kichupa safi chenye mfuniko, kikae mahali pa ubaridi na kifikishwe kwa daktari wa mifugo kabla ya saa 24 kuisha. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mtwara, na mayai ya minyoo huonekana kwa darubini ya kawaida. Mwandikieni daktari na uzito wa wiki sita zilizopita, kwani dozi hukokotolewa kwa gramu.

Na mizani ile: mijusi hawa hubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha binadamu, bila kuugua wenyewe. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, bakuli lake lisioshewe kwenye sinki la vyombo, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara