Kwa mdogo wangu uliyeko Doha: usiwadharau wanaozungumza

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na kwa kuwa uliutuma kwenye kundi la ukoo ambako wakubwa na wadogo wote waliuona, nami nimeona nikujibu hadharani. Umeandika kwamba mazungumzo ya kumaliza vita vya Israel na Wapalestina ni mchezo wa wakubwa, kwamba tangu Oslo, yale makubaliano ya amani ya 1993, hakuna mkataba uliomwokoa hata mtoto mmoja, na kwamba mimi kaka yako, kwa kuitetea diplomasia, nimewapa kisogo Wapalestina. Hilo la mwisho limeniuma, maana tumelelewa nyumba moja. Marehemu baba alikuwa akitueleza, taarifa ya habari ikimalizika, kwa nini Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973 na kwa nini mwaka 1988 iliitambua Palestina, nawe mara nyingi ulikuwa umeshasinzia magotini pake. Niliyasikia yote na ninayashika mpaka leo.

Kuhusu Oslo, una hoja, na sitakupinga kwa ubishi tu. Rabin, waziri mkuu wa Israel, na Arafat, kiongozi wa Wapalestina, walipopeana mkono mbele ya Rais Clinton wa Marekani mwezi Septemba 1993, mambo mazito kuliko yote, yaani Jerusalem, mipaka, wakimbizi na makazi ya walowezi, yaliwekwa kando yaje yamalizwe ndani ya kipindi cha mpito cha miaka mitano. Rabin akauawa mwaka 1995 na Mwisraeli mwenzake aliyeyachukia makubaliano hayo, mabomu ya Hamas, kundi la Kipalestina lenye silaha, yakalipuka ndani ya mabasi ya raia, muda ukamalizika mwaka 1999, na hapakuwa na mtu wala taasisi iliyokuwa na uwezo wa kuwauliza wenye mkataba kwa nini hawakuutimiza. Walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa zaidi kidogo ya 100,000 wakati ule. Leo wamepita nusu milioni. Ongeza kwamba mpatanishi mkuu, Marekani, ndiye huyohuyo anayeipatia Israel silaha, na kwamba katika vita vya Gaza, vilivyoanza Hamas ilipoivamia Israel Oktoba 7, 2023, imetumia kura ya turufu mara sita kuzuia maazimio ya Baraza la Usalama yaliyotaka mapigano yasimame. Mimi sioni kwamba kosa lilikuwa kuzungumza. Kosa lilikuwa kuandika tarehe kisha kumwachia mwenye nguvu aamue kama tarehe hiyo ina maana.

Lakini useme hakuna mtoto aliyeokolewa? Hapo umekosea, na umekosea ukiwa katika mji ambao ulipaswa kukufundisha zaidi. Mwezi Novemba 2023, Qatar, Misri na Marekani zilipata usitishaji mapigano wa wiki moja tu, na katika wiki hiyo walitoka mateka 105 na wafungwa 240 wa Kipalestina, wengi wao wanawake na vijana wadogo. Kati ya watu 251 waliotekwa Oktoba 7, waliokombolewa wakiwa hai kwa mtutu wa bunduki katika miaka yote miwili ya vita ni wanane.

Kuna jambo la Septemba 2024 ambalo huwa silisikii likitajwa vijiweni. Mtoto wa miezi kumi alikuwa amepooza kwa polio, ugonjwa ambao ulikuwa haujaonekana Gaza kwa miaka 25. Shirika la Afya Duniani likazungumza na Israel na likazungumza na Hamas, ikakubaliwa kwamba mapigano yasimame kwa saa kadhaa kila siku, eneo kwa eneo, kwanza katikati ya Gaza, kisha kusini, kisha kaskazini. Mama anamshika mwanawe kidevu, muuguzi anamdondoshea matone mawili mdomoni, kidole kinatiwa wino asije akarudiwa, anaitwa mwingine. Kwa muda usiofika wiki mbili walichanjwa watoto zaidi ya 550,000. Mabomu yalirudi, ndiyo. Hata hivyo watoto wale walipata chanjo, na waliipata kwa sababu kuna watu walivumilia kukaa mezani na wasiowapenda.

Sasa nifike pale ambapo mimi na wewe tuliachana vibaya. Umewaambia watu kwamba nilikuaibisha mbele ya wakwe zako siku ya arobaini ya baba. Watu tulikuwa barazani baada ya khitma, kahawa inapita, na mazungumzo yakaangukia vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo wakauawa Oktoba 7. Wa kwanza alikuwa ameshazikwa nyumbani, wa pili mwili wake ulikuwa bado umeshikiliwa Gaza. Nawe ukasema, kwa sauti ya kumaliza mjadala, “Walijipeleka wenyewe.” Yule mzee aliyekaa karibu na nguzo, aliyekuja kutupa pole ingawa si dini yetu, mwanawe naye alikuwa nje ya nchi akisomea kilimo kwa utaratibu kama uleule. Alikiweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akatafuta viatu vyake kwa mguu, akaaga kwa heshima zote. Hapo ndipo nilipokukemea. Ningeweza kukuita pembeni, kama ulivyonieleza baadaye, lakini maneno yako hukuyasema pembeni. Mzee yule alikuwa mgeni wa marehemu, mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na mgeni akivunjiwa heshima msibani kwetu, kunyamaza kwangu kungekuwa kukubaliana nawe. Ningefanya vilevile leo.

Wala usinijibu kwamba Gaza wamekufa makumi ya maelfu na mimi nawahesabu wawili. Nawalilia wote. Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu maiti zaidi ya 67,000 kufikia Oktoba 2025, na mwezi Agosti wataalamu wa usalama wa chakula wanaoaminiwa na Umoja wa Mataifa walikuwa wamethibitisha njaa kali katika Mji wa Gaza na viunga vyake, njaa iliyoletwa na kufungwa kwa vivuko. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, inayowalinda raia vitani, haimuulizi raia ni wa upande gani. Ukimtoa mkulima mwanafunzi kwenye ulinzi huo kwa kuwa “alijipeleka”, kesho mwingine atamtoa mama wa Khan Younis huko Gaza kwa sababu yake mwenyewe, na utakuwa umemfungulia mlango.

Septemba 9, 2025, ndege za Israel ziliposhambulia jengo la Doha walimokuwa wajumbe wa Hamas wakilijadili pendekezo la Marekani, mama aliketi na simu mapajani mpaka ulipopokea. (Dawa zake za presha ulizotuma zimefika, anakuombea dua.) Usiku huohuo ukaandika kwamba umeshinda hoja, kwa kuwa anayezungumza ndiye anayeuawa. Qatar ilikuwa na kila sababu ya kujitoa. Septemba 29 Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, alimpigia waziri mkuu wa Qatar kutoka Ikulu ya Marekani kuomba radhi, wapatanishi wakaendelea, na Oktoba 10 mapigano yakasitishwa. Mateka 20 waliokuwa hai walirudi, Wapalestina karibu 2,000 wakafunguliwa, na mwezi Novemba mwili wa yule kijana wetu wa pili ukarejeshwa. Ulirejeshwa kwa makubaliano yaleyale unayoyaita mchezo.

Sikuambii mambo yamekwisha. Watu wameendelea kuuawa Gaza hata baada ya makubaliano, na azimio namba 2803 la Baraza la Usalama, lililopita Novemba 17, 2025 kwa kura 13 huku Urusi na China zikijizuia, linasema tu kwamba masharti yakitimia huenda ikapatikana njia ya Wapalestina kujiamulia mambo yao na kuwa na dola. Tarehe haimo. Ni pengo la Oslo limerudi, na hapo ndipo ningependa hasira yako ielekee: kudai tarehe, kudai msimamizi asiye mshirika wa upande wowote, kuuliza mataifa 142 yaliyolikubali Azimio la New York, la kutaka dola mbili, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 2025 yatafanya nini baada ya kupiga kura. Azimio hilo linayalaani mauaji ya Oktoba 7 na linalaani kuzingirwa na kushindishwa njaa kwa watu wa Gaza, yote katika karatasi moja. Kama nchi hizo zote ziliweza kuyaandika pamoja, nawe unaweza kuyatamka pamoja.

Likizo yako imekaribia na mama ameanza kuuliza tarehe. Chumba chako kipo. Ila kabla hatujakaa tena barazani, mzee yule anastahili neno kutoka kwako, na namba yake ya simu ninayo.

Kaka yako